Kubanika nyama ya nguruwe taratibu nyumbani: mkaa, joto na usalama wa watoto

Wakati wa Krismasi, Pasaka, ubatizo au kipaimara, kaya nyingi za hapa Moshono hununua nyama ya nguruwe bucha na kuiandaa nyumbani. Wengine huikaanga, wengine huichoma kwa moto mkali. Wapo pia wanaoibanika taratibu: mkaa kidogo, mfuniko juu, saa tatu hadi tano, mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe.

Kubanika taratibu ni njia nzuri ya kupika kitimoto. Nyama inalainika, haiungui, na ikifanywa vizuri inaiva hadi katikati. Lakini kuna mambo mawili ambayo mama au mlezi anapaswa kuyajua kabla ya kuwasha mkaa. Kwanza, nyama inaweza kuwa na rangi nzuri nje huku katikati haijafikia joto la kuua vijidudu. Pili, mkaa unaowaka polepole kwa saa nyingi hutoa hewa yenye sumu ambayo haionekani na haina harufu. Moto ukiwa mdogo, hatari haipungui.

Kama familia yako haili nguruwe, endelea kusoma. Sehemu zinazohusu mkaa, hewa na majeraha ya moto zinakuhusu vilevile, maana ng'ombe, mbuzi na kuku hubanikwa kwa mkaa uleule.

Kwa nini nyama ya nguruwe lazima iive kabisa?

Nyama yoyote mbichi inaweza kuwa na bakteria wanaosababisha kuhara na homa. Nyama ya nguruwe ina jambo la ziada: tegu wa nguruwe.

Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu anaweza kumeza mayai ya tegu. Mayai hayo hugeuka kuwa vifuko vidogo vyenye maji ndani ya nyama yake. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, kifuko hukua tumboni na kuwa mnyoo mrefu, bapa kama utepe, unaoweza kufikia mita kadhaa. Mtu huyo anaweza asijisikie mgonjwa kabisa.

Tatizo kubwa linafuata baadaye. Mtu mwenye tegu hutoa mayai kwenye choo kikubwa. Asiponawa mikono vizuri, au kinyesi kikifika kwenye maji na mboga, watu wengine humeza mayai hayo. Wa kwanza kuathirika huwa ni wale wa nyumba moja naye, hasa watoto anaowalisha. Mayai yakiingia mwilini mwa binadamu, vifuko vinaweza kwenda kwenye misuli, macho na ubongo. Vikifika kwenye ubongo vinaweza kusababisha maumivu makali ya kichwa na kifafa.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika maeneo mengi ambako tegu huyu ameenea na watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, takriban asilimia 30 ya kifafa husababishwa naye. Jambo hili haliko mbali nasi. Wilayani Mbulu, mkoani Manyara, watafiti wamemkuta tegu huyu kwa nguruwe, na hospitali za ukanda huo zimekuwa zikitibu wagonjwa wa kifafa kilichotokana naye. Nyama husafirishwa, na nguruwe wanaouzwa Arusha hawatoki mtaa mmoja.

Kwa hiyo kuivisha nyama vizuri kunamkinga anayeila, na kunawakinga pia watoto anaowahudumia. Mtu asiyekula nguruwe kabisa bado anaweza kumeza mayai kutoka kwenye mikono ya mtu mwenye tegu. Ndiyo maana kunawa mikono kwa sabuni, kutumia choo na kumfungia nguruwe bandani ni sehemu ya kinga hii.

Anza na nyama salama

Nunua kwenye bucha ambako nyama imekaguliwa na ina mhuri wa mkaguzi. Ukiletewa nyama iliyochinjwa nyumbani kwa jirani bila kukaguliwa, uliza kwanza. Daktari wa mifugo au mkaguzi wa nyama ndiye anayepaswa kuiangalia.

Unapoikata, itazame. Ukiona vifuko vidogo vyeupe au vyenye maji, vya ukubwa wa punje ya mtama hadi mchele au zaidi kidogo, usiipike na usiwape mbwa. Irudishe na umjulishe mkaguzi wa nyama au afisa mifugo wa kata. Kutokuona vifuko hakumaanishi kwamba havipo, kwa hiyo hata nyama yenye mhuri ipikwe mpaka iive.

Mambo mengine ya maandalizi:

- Usikate kipande kikubwa kuliko kilo 2. Mguu mzima wa nguruwe kwenye moto mdogo hukaa uvuguvugu kwa saa nyingi, na bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi.
- Nyama iliyoganda iyeyuke kabisa kwenye friji kabla ya kuwekwa motoni. Barafu ikibaki katikati, nje itaiva na ndani itabaki mbichi.
- Ukiiloweka kwa limau, tangawizi na kitunguu saumu, iweke kwenye friji au mahali pa baridi. Viungo vinaleta ladha, haviui tegu.
- Tumia ubao na kisu kimoja kwa nyama mbichi, na vingine kwa kachumbari. Kachumbari haipikwi, kwa hiyo kinachodondokea humo huliwa kama kilivyo.

Joto mbili tofauti

Hapa ndipo wengi huchanganya. Unapobanika nyama kuna joto la jiko na kuna joto la ndani ya nyama.

Joto la jiko ni lile la hewa inayoizunguka nyama chini ya mfuniko. Kwa kubanika taratibu, linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 110 na 130. Likizidi sana, nje huungua. Likishuka chini ya 100 kwa muda mrefu, nyama hukawia kupita ule uvuguvugu wa hatari.

Joto la ndani ni lile la katikati ya kipande kinene zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie angalau nyuzi 70 ndani. Kwenye joto hilo vifuko vya tegu hufa, na bakteria wengi wanaoleta magonjwa hufa pia.

Lakini nyama ya bega au paja ikiwa na nyuzi 70 bado ni ngumu kutafuna. Ile mikano na utando mgumu huanza kuyeyuka taratibu, na nyama hulegea ikifika karibu na nyuzi 90. Hii ni habari njema kwetu. Ukisubiri mpaka nyama ya kubanika ilegee kabisa, umeshavuka joto la usalama kwa mbali. Nyama iliyochomwa haraka kwa moto mkali ndiyo yenye hila zaidi, kwa sababu inaweza kuwa nyeusi nje na mbichi mfupani.

Ukiweza, nunua kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano ya chuma. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya hoteli na baadhi ya supamaketi mjini. Chomeka sindano katikati ya nyama, isiguse mfupa. Usitumie kabisa kipimajoto cha kupimia homa ya mtoto. Kile huishia karibu na nyuzi 42, na cha kioo kikipasuka kitamwaga zebaki kwenye chakula.

Kukihakiki kipimajoto chako, kitumbukize kwenye maji yenye barafu nyingi: kinapaswa kusoma 0. Usishangae kikisoma takriban 95 kwenye maji yanayochemka. Arusha iko juu, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huku maji huchemka kabla ya kufika 100. Ndiyo maana maharage ya huku hukawia kuiva kuliko ya Dar es Salaam.

Jinsi ya kuwasha na kutunza mkaa

Kazi yote ifanyike nje. Kama kuna mvua, tumia kibanda chenye paa lakini kilicho wazi pande zote. Baraza lililo chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto si mahali pazuri, hata kama ni mtoto wa mpangaji mwenzako.

1. Washa mkaa kwa karatasi, vijiti vikavu au magunzi ya mahindi. Usiwashe kwa nailoni wala chupa za plastiki, moshi wake una sumu. Usimwage mafuta ya taa au petroli kwenye mkaa ulioanza kushika moto, utakulipukia usoni.

2. Subiri mkaa ushike wote na ufunikwe na majivu ya kijivu. Huchukua dakika 15 hadi 20, wakati mwingine zaidi mkaa ukiwa na unyevu. Usiweke nyama kabla ya hapo.

3. Kama una jiko la pipa lililokatwa lenye mfuniko, sogeza makaa yote upande mmoja na uweke nyama upande wa pili. Chini ya nyama weka karai dogo lenye maji. Maji huzuia joto lisipande ghafla na hupokea mafuta yanayodondoka. Mafuta yakidondokea makaa hutoa miali na masizi yanayoganda kwenye nyama, na masizi hayo si mazuri kwa afya.

4. Ongoza moto kwa hewa. Mlango wa chini ukiwa wazi moto hupanda, ukiuziba nusu moto hushuka. Badilisha kidogo, kisha subiri dakika kama 10 uone. Ondoa majivu yanayoziba matundu, maana moto unaokosa hewa hutoa sumu zaidi.

5. Kama huna kipimajoto cha jiko, tumia kiganja. Kishikilie juu ya wavu pale nyama itakapokaa, umbali wa upana wa kiganja, uhesabu polepole. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya sekunde 5, moto ni mkali. Ukivumilia sekunde 8 hadi 10, unafaa. Ukikaa zaidi bila shida, ongeza makaa. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima tu.

6. Kila baada ya dakika 45 hadi saa moja ongeza makaa machache yaliyokwisha kushika moto kwenye jiko jingine dogo hapohapo nje. Ukitupia mkaa mbichi, joto hushuka na hewa ya sumu huongezeka.

7. Kwa harufu ya moshi, weka vipande vichache vya kuni kavu ya mparachichi au mpera. Usitumie mbao zenye rangi wala zilizotiwa dawa. Moshi mwembamba unatosha. Moshi mzito mweupe huleta uchungu kwenye nyama na kukereketa kifuani.

8. Usifunue mara kwa mara. Kila ukifunua, joto hutoka na muda huongezeka.

Kwa kipande cha kilo moja na nusu hadi 2, panga saa tatu hadi tano. Mbavu huchukua saa tatu hadi nne. Muda ni makadirio tu, kinachoamua ni joto la ndani na ulaini wa nyama.

Kama una jiko la kawaida tu

Familia nyingi hazina pipa. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko. Geuza kibakuli cha chuma ndani yake, mimina vikombe viwili vya maji, weka nyama juu ya kibakuli, kisha funika. Weka makaa machache chini na upalie mengine juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali. Ongeza maji ya moto yanapopungua. Nyama ikilegea, ihamishie kwenye wavu juu ya makaa kwa dakika 15 ili ipate rangi na harufu ya moshi. Njia hii hula mkaa kidogo na huivisha vizuri sana katikati.

Jambo moja la kuzingatia: ukianza kuichemsha, imalizie siku hiyohiyo. Nyama iliyochemshwa nusu ikaachwa mpaka kesho ni hatari, kwa sababu imepata joto la kuzalisha bakteria bila kupata la kuwaua.

Nitajuaje imeiva bila kipimajoto?

Angalia dalili zote, usitegemee moja:

- Uma ukichomekwa kwenye sehemu nene unaingia na kuzunguka bila kukwama.
- Nyama inaachia mfupa yenyewe.
- Ukikata mpaka mfupani, majimaji yanayotoka ni meupe na hayana damu.
- Katikati hakuna sehemu inayong'aa, yenye utelezi kama nyama mbichi.

Rangi peke yake hudanganya. Nyama ya kubanika huwa na mstari wa waridi chini kidogo ya ganda la nje hata ikiwa imeiva kabisa. Mstari huo huletwa na hewa za moto, ikiwemo kaboni monoksaidi, zinazoshikana na rangi nyekundu ya nyama. Waridi ya pembeni si tatizo. Waridi ya katikati, yenye utelezi, ni ishara kwamba nyama irudi motoni.

Hewa hiyohiyo inayoshika rangi ya nyama hushika pia damu ya mtu aliye karibu na jiko. Tuieleze sasa.

Hewa ya mkaa: hatari isiyo na harufu

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Mkaa uliokolea hautoi moshi mwingi kama kuni, na ndiyo maana watu huuamini na kuuingiza ndani.

Kwenye damu yetu kuna himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaendelea kupumua, lakini oksijeni haiufikii ubongo na moyo. Huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huchoka na kusinzia. Aliyelala anaweza asiamke tena.

Walio katika hatari kubwa ni watoto wachanga na wadogo, wajawazito, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo au upungufu wa damu. Mtoto aliye tumboni anaweza kuathirika vibaya hata kama mama anajisikia nafuu.

Nyakati za kuwa makini zaidi hapa kwetu ni mbili. Wakati wa masika mvua hutufanya tuingize jiko ndani. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Meru hutufanya tutumie makaa yaliyobaki kupasha chumba joto. Mara nyingi ni chumba cha mama aliyejifungua, madirisha yamefungwa na kitambaa kimewekwa chini ya mlango ili mtoto asipate upepo. Nia ni njema, lakini chumba cha namna hiyo kinaweza kuua mama na mtoto usiku mmoja.

Makaa yaliyobaki baada ya kubanika ndiyo yanayodanganya zaidi. Yamefunikwa na majivu, yanaonekana kama yanakufa, lakini bado yanatoa sumu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo:

- Jiko lenye makaa lisiingie kwenye chumba cha kulala kamwe, hata kwa dakika chache.
- Kufungua dirisha moja hakutoshi kulifanya jiko la mkaa kuwa salama ndani.
- Mpe mtoto mchanga joto kwa kumkumbatia ngozi kwa ngozi, kofia, soksi na blanketi.
- Usikae na mtoto mgongoni au kifuani karibu na jiko wakati wa kubanika. Mkabidhi kwa mtu mwingine, mbali na moshi.

Ukimkuta mtu amezidiwa na hewa ya mkaa

1. Fungua milango na madirisha na mtoe nje haraka. Usikae humo ndani, nawe utaanguka.
2. Akiwa anapumua lakini hajitambui, mlaze ubavu. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, anza mara moja huku wengine wakitafuta gari.
3. Usimpe maziwa wala kitu chochote cha kunywa. Maziwa hayatoi hewa hii kwenye damu, na yanaweza kumpalia.
4. Mpeleke kwenye kituo cha afya au hospitali yenye oksijeni. Akipumua hewa ya kawaida, huchukua takriban saa 4 hadi 5 kwa nusu ya sumu kutoka mwilini. Kwa oksijeni safi muda hupungua hadi saa moja au moja na nusu.
5. Mweleze mhudumu waziwazi: "Kulikuwa na jiko la mkaa ndani." Kile kifaa cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri ya oksijeni wakati mgonjwa yuko hatarini, kwa hiyo maelezo yako ni muhimu.

Mjamzito aende hospitali hata kama ameamka na kusema amepona. Na watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kutapika kwa wakati mmoja, huku jiko la mkaa likiwa ndani, msidhani ni malaria au chakula tu. Tokeni nje kwanza.

Moto, majivu na watoto

Saa nne za kubanika ni muda mrefu, na mtoto anayetambaa hahitaji hata dakika moja. Chora mstari au weka mabenchi kuzunguka jiko, hatua tatu kutoka kwenye moto, na watoto wasiuvuke. Awepo mtu mzima mmoja mwenye kazi ya kulinda moto tu. Jiko liwe kwenye ardhi tambarare, lisiloyumba.

Ukimaliza, mwagia makaa maji kidogokidogo ukisimama pembeni ili mvuke usikuunguze. Koroga kwa koleo na umwagie tena mpaka yasitoe sauti. Usimwage majivu ya moto jalalani au pembeni ya nyumba ambako watoto hupita miguu mitupu.

Mtoto akiungua, mwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete, bangili au nguo isiyogandia ngozi. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, unga wala majivu. Moto ukishika nyumba, toeni watu kwanza, kisha pigeni 114 kuita Zimamoto.

Kulisha watoto na kutunza kilichobaki

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula nyama iliyoiva vizuri, na inamsaidia kupata madini ya chuma. Chukua sehemu laini isiyo na mafuta wala ganda lililoungua, ichambue nyuzinyuzi au uisage, na uhakikishe hakuna kipande cha mfupa. Mtoto asionjeshwe nyama kabla haijaiva, hata ile ya "kujaribu chumvi".

Nyama iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili. Ikate vipande vidogo, ihifadhi kwenye friji na uile ndani ya siku tatu. Ipashe mpaka ichemke au itoe mvuke hadi katikati. Kama huna friji, pika kiasi kitakachoisha siku hiyo.

Maswali tunayoulizwa

*Pombe, pilipili au limau vinaua tegu tumboni?* Hapana. Joto ndilo linaloua vifuko, kabla nyama haijafika mdomoni.

*Moshi wenyewe hauivishi nyama?* Hapana. Moshi hutoa harufu na rangi. Nyama iliyokaa kwenye moshi usio na joto bado ni mbichi.

*Nimeona vipande bapa vyeupe kwenye choo. Ninunue dawa ya minyoo dukani?* Nenda kituo cha afya ukaeleze ulichokiona. Kuna dawa zinazotibu tegu, lakini kama mtu huyo anapata degedege, ana kifafa au anaumwa kichwa sana, amweleze mhudumu kabla ya kumeza dawa. Vifuko vikiwa kwenye ubongo, baadhi ya dawa zinaweza kuleta degedege zisipotolewa chini ya uangalizi.

Kumbuka

- Nunua nyama yenye mhuri, kata vipande visivyozidi kilo 2.
- Jiko nyuzi 110 hadi 130. Ndani ya nyama angalau 70, na ikilegea iko karibu na 90.
- Isipolegea, haijaiva. Irudishe motoni.
- Mkaa uwashwe nje, utunzwe nje na uzimwe nje.
- Makaa yaliyobaki hayaingii chumbani, hata kama kuna baridi na mtoto mchanga.
- Kichwa kikiuma karibu na jiko, ondoka kwanza, uliza baadaye.

Mwonyeshe makala haya anayekusaidia kulea: dada wa kazi, bibi, au baba anayependa kusimamia nyama siku ya sikukuu. Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako au fika kituo cha afya kilicho karibu.